Zamu ya Kusema: Haki na Mpangilio wa Wasemaji katika Bunge la Tanzania

Tarehe 17 Machi 2014, Jaji Joseph Warioba alisimama mbele ya Bunge Maalum la Katiba mjini Dodoma ili awasilishe rasimu ambayo Tume yake ilikuwa imeiandaa tangu mwaka 2012, asiweze kuiwasilisha. Kelele za wajumbe zilimzidi, na kikao kikaahirishwa. Mtu asiyeifuata siasa ya wakati ule angedhani kwamba waliopiga kelele walikuwa wapinzani wa rasimu. Haikuwa hivyo. Wengi wao walitoka katika vyama vya upinzani, vilivyokuja kuunda umoja wa UKAWA, na rasimu ile yenye pendekezo la Serikali tatu ndiyo waliyokuwa wakiipigania. Walimzuia mtu waliyemuunga mkono. Hoja yao ilihusu utaratibu: kwamba Kanuni zilitaka Rais alizindue Bunge kwanza, ndipo Mwenyekiti wa Tume aeleze rasimu. Siku iliyofuata, tarehe 18, Jaji Warioba alipewa nafasi, akasema kwa kirefu. Tarehe 21, Rais Jakaya Kikwete akahutubia.

Kwa mtazamo wa haraka tukio hilo laweza kuhesabiwa miongoni mwa vioja vya Bunge lile, ambalo lilianza tarehe 18 Februari na kutumia karibu mwezi mzima kubishania kanuni zake. Lakini nani aseme kwanza na nani aseme mwisho ni suala lenye historia ndefu katika ukumbi wa kutunga sheria wa nchi hii, na bila historia hiyo ghadhabu ya siku ile haieleweki.

Katika eneo la Kikuyu mjini Dodoma pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichofunguliwa mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Jina hilo ni la Mtemi Mazengo wa Mvumi, mmoja wa watawala mashuhuri wa Ugogo zama za Waingereza. Jina la mtemi juu ya lango la shule latosha kukumbusha jinsi mpangilio wa kusema ulivyogawanywa na wakoloni. Mwaka 1926 Gavana Sir Donald Cameron alifanya mambo mawili. Alitunga sheria iliyowatambua watawala wa jadi kuwa mamlaka za wenyeji, ili nchi itawaliwe kwa kupitia kwao. Na tarehe 7 Desemba mwaka huohuo akafungua Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mjini Dar es Salaam. Mgogo wa Kikuyu, kwa hiyo, alikuwa na mahali pa kusemea, yaani baraza la mtemi wake, na zaidi ya hapo kwa Mkuu wa Wilaya. Katika Baraza la Kutunga Sheria hakuwa na zamu ya kwanza wala ya mwisho. Waliokaa humo walikuwa maofisa wa Serikali pamoja na Wazungu na Wahindi wachache walioteuliwa, na mambo ya Waafrika yalidaiwa kuwa yanasemewa na maofisa. Hali iliendelea hivyo kwa karibu miaka 19. Mwaka 1945 ndipo waliteuliwa Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame.

Si lazima kudhani kwamba katika mabaraza ya jadi kila mtu alisema kwa usawa. Umri, ukoo na jinsia vilipanga foleni kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Jambo hilo si la Afrika peke yake: Aeschines wa Athens ya kale alisimulia sheria, aliyoinasibisha na Solon, iliyotaka mpiga mbiu awaite kwanza waliotimiza miaka 50, kisha wengine; naye alilalamika kwamba katika zama zake sheria hiyo ilikuwa imeachwa. Mpangilio wa aina hiyo una upendeleo, lakini upendeleo wake uko wazi. Kijana anajua kwamba zamu yake itakuja nyuma, na anajua sababu.

Katika Baraza la Cameron upendeleo ulikuwa wa namna nyingine. Gavana ndiye aliyekuwa kiongozi wa Serikali, na yeye huyohuyo ndiye aliyeongoza vikao. Maofisa waliotoa hoja walikuwa wa chini yake, naye ndiye aliyetoa ruhusa kwa wenye kuipinga. Spika aliyetengwa na cheo cha Gavana alipatikana mwaka 1953, Brigedia William Scupham, akafuatiwa na Abdulkarim Karimjee, ambaye aliliongoza Baraza hadi Uhuru na kidogo baada yake. Jambo hilo hutajwa kwa kifungu kimoja tu katika vitabu vya historia, ilhali lina uzito mkubwa kuliko mengi yanayotajwa kwa sura nzima. Tangu siku hiyo iliwezekana, walau kwa kanuni, kumtofautisha mwenye kugawa zamu na mwenye kushindana.

Utaratibu uliorithiwa ulikuwa wa Westminster. Katika Bunge la Uingereza anayetaka kusema huinuka ili Spika amwone, na Spika akimwona na kumtaja, basi ndiye mwenye sakafu. Lugha yake ni ya jicho. Lugha ya Baraza lenyewe ilikuwa Kiingereza, na hapo palikuwa na mchujo uliotangulia zamu zote: asiyejua Kiingereza hakuwa na sababu ya kuinuka. Baada ya Uhuru Kiswahili kiliingia ukumbini kwa kasi. Mwaka 1967 kilipotangazwa kuwa lugha rasmi ya shughuli za Serikali, mbunge wa Kondoa na mbunge wa Pangani walikuwa wanaweza kubishana bila mmoja kumwonea mwenzake haya ya sarufi. Hatua hiyo iliongeza idadi ya wanaoweza kusema, na kwa hiyo iliongeza ugumu wa kupanga nani aseme lini.

Kiswahili cha Bunge kiliunda msamiati wake. Mbunge hasemi tu, bali *anachangia*. Naye huitwa *mchangiaji*, kana kwamba hotuba ni mchango wa harambee unaowekwa katika kikapu cha wote. Anayeongoza kikao huitwa *Kiti*, na Kiti huweza kuamua, kuonya na kutoa mwongozo kama kiumbe chenye nafsi. Anayesubiri huambiwa *ajiandae*. Aliyeitwa, kabla ya kusema lolote, humshukuru Spika kwa kumpa *nafasi*, na akiwa wa mwanzo wa siku huongeza shukrani kwa kuwa mchangiaji wa kwanza. Shukrani hizo hurudiwa mara nyingi kiasi kwamba msomaji wa Taarifa Rasmi za Majadiliano huziruka. Hazistahili kurukwa. Mtu hushukuru anapopewa hisani. Haki haishukuriwi, hudaiwa. Mbunge aliyetumwa na maelfu ya wapigakura, anapoanza kwa kushukuru kuruhusiwa kuwasemea, anakiri bila kukusudia kwamba zamu yake imo mkononi mwa mtu mwingine. Ipo adabu ya Kiswahili katika maneno hayo, na itakuwa makosa kuyachukua yote kuwa unyonge. Hata hivyo adabu na utegemezi vimekaa humo pamoja, na si rahisi kuvitenga.

Katika miaka ya chama kimoja mgogoro wa zamu haukuonekana sana. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa wa Uhehe, alikalia kiti cha Spika kuanzia mwaka 1962 hadi 1973, akakirudia mwaka 1975 hadi 1994. Wabunge wote walikuwa wa chama kimoja, na swali la nani atangulie lilikuwa dogo mbele ya swali la nini kitampata aliyesema. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU na kwa hiyo wakapoteza viti vyao. Walikuwa wamepata nafasi ya kusema. Kilichokosekana ni usalama baada ya kengele kulia.

Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992 na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo kufanyika mwaka 1995, mambo yalibadilika. Mwaka uliofuata Bunge lilihamishia makao yake Dodoma, likiwa chini ya Spika Pius Msekwa, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa Katibu wa Bunge na hivyo alizijua kanuni kwa pande zote mbili za meza. Ukumbi uliotumiwa Dodoma kabla ya ule wa sasa, uliofunguliwa mwaka 2006, hubeba jina lake. Mpangilio ulioshika mizizi katika kipindi hiki ni huu: Waziri hutoa hoja, Mwenyekiti wa Kamati husika hutoa maoni ya Kamati, Msemaji wa Kambi Rasmi ya Upinzani hutoa maoni ya kambi yake, ndipo wachangiaji wengine huitwa, kila mmoja kwa dakika zake, kengele ya kwanza ikimwonya na ya pili ikimkalisha. Mwisho Waziri husimama tena kuhitimisha hoja yake.

Mpangilio huo una busara. Upinzani umepewa mahali pa mapema, wakati masikio bado yamechangamka, na mahali hapo hapategemei jicho la Spika. Kanuni za mwaka 2007, zilizotungwa wakati wa Spika Samuel Sitta, ziliongeza maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambamo Kiongozi wa Upinzani alipewa kipaumbele. Ila heshima hiyo imefungwa kwa hesabu. Kambi Rasmi hutambuliwa iwapo wabunge wa upinzani wamefikia asilimia 12.5 ya wabunge wote. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 hawakufikia. Nafasi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya sauti ya pili ikabaki bila mwenyewe, na wapinzani wachache waliokuwamo wakarudi kwenye foleni pamoja na wengine.

Foleni hiyo nayo imepitia mageuzi. Kanuni zimemruhusu mbunge anayetaka kusema kupeleka jina lake kwa maandishi, au kuwasha kipaza sauti, au kusimama kimya mahali pake akisubiri kuitwa. Kivitendo, karatasi ililishinda jicho. Katika mkutano wa bajeti wachangiaji huwa wengi kuliko dakika, na orodha ya majina mbele ya Spika ndiyo iliyotawala. Zamani za orodha hiyo ilikuwa desturi kuwatanguliza ambao hawajachangia kabisa, kisha waliochangia mara moja, na kuendelea. Baadaye ukatiliwa nguvu uwiano wa vyama: chama chenye wabunge wengi kikapata zamu nyingi, na chama kidogo kikapata moja, ambayo wabunge wake wawili wangeweza kugawana dakika tano tano. Kila njia iliponya kidonda kimoja na kufungua kingine. Jicho huwapendelea wanaojulikana. Orodha ya waliotangulia kujiandikisha huwapendelea wenye mbio. Kuwatanguliza walio kimya ni haki kwa wabunge, lakini kwaweza kumnyima msikilizaji mtu anayeijua zaidi hoja iliyopo mezani. Uwiano nao huigawa hoja kama kwamba kila chama kina rai moja, ilhali wabunge wa chama tawala wenye rai tofauti na Serikali ndio ambao mara nyingi wangestahili kusikika zaidi.

Ipo pia njia ya kuchangia kwa maandishi, ambayo wageni wa Bunge huistaajabia. Mbunge aliyekosa nafasi huandika mchango wake, nao huingizwa katika Taarifa Rasmi. Ilikuwa desturi kwa Waziri, wakati wa kuhitimisha, kuyasoma majina ya waliochangia kwa kuzungumza na ya waliochangia kwa maandishi, jina baada ya jina, na kurasa nzima za Taarifa zimejaa majina hayo. Wako waliolalamika kwamba muda ulipotea. Lakini kule jimboni aliyekaa karibu na redio alisikia jina la mbunge wake, akajua kwamba hakulala. Katika maandishi hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Hakuna pia anayesikia, na Waziri hawezi kubadilishwa mawazo na karatasi ambayo imefika wakati majibu yake yameshaandikwa. Thamani ya zamu ya mdomo ilipanda zaidi katika miaka ya matangazo ya moja kwa moja ya televisheni, mpaka mwaka 2016 Televisheni ya Taifa iliposimamisha kuyatangaza hivyo.

Kwamba zamu ni jambo la kugombaniwa hata kwa mikono ilionekana tarehe 5 Septemba 2013. Bunge lilikuwa likijadili muswada wa marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, yaani sheria iliyohusu, pamoja na mengine, muundo wa Bunge Maalum lenyewe. Kiongozi wa Upinzani, Freeman Mbowe, alisimama. Naibu Spika Job Ndugai, aliyekuwa kwenye Kiti, alimwamuru akae. Hakukaa. Naibu Spika akaagiza askari wamtoe, wabunge wa upinzani wakamzunguka, na purukushani ikazuka ndani ya ukumbi. Kwa herufi ya Kanuni, asiyeitwa hana ruhusa ya kusema, na Kiti kikisimama wengine hukaa. Kwa mazoea ya mabunge ya Jumuiya ya Madola, kiongozi wa upinzani akisimama hupewa nafasi. Pande zote mbili zilikuwa na jambo la kushikilia, na ndiyo maana hakuna aliyelegeza.

Miezi sita baadaye, katika mji uleule, ndipo yalipotokea yale ya tarehe 17 Machi. Kwa kuwa utaratibu wa kawaida umekwisha kuelezwa, kasoro ya siku ile sasa inaonekana. Katika Bunge la kawaida mtoa hoja huanza na mtoa hoja humaliza. Akipingwa kutwa nzima, atasimama jioni ajibu. Kwa hiyo hakuna Waziri anayelalamika kwa kuitwa kwanza. Kuitwa kwanza ni nusu tu ya haki yake, na nusu ya pili inamngoja. Katika Bunge Maalum aliyewasilisha rasimu hakuwa mjumbe. Sheria ilimpa kazi ya kuiwasilisha, basi. Na Tume yake ilifikia ukomo mara baada ya uwasilishaji huo. Jaji Warioba alipewa ufunguzi wa mtoa hoja bila kupewa hitimisho lake. Yeyote atakayesema baada yake angesema bila kujibiwa na wale walioandika.

Na aliyesema baada yake hakuwa mchangiaji wa dakika kumi. Rais Kikwete aliitumia sehemu kubwa ya hotuba ya tarehe 21 kuipima rasimu, akihoji muundo wa Serikali tatu, gharama zake na mapato ya kuiendesha Serikali ya Muungano, pamoja na takwimu ambazo Tume ilizitumia kuonyesha matakwa ya wananchi. Alikuwa na haki ya kuwa na maoni, na hoja alizozitoa hazikuwa nyepesi. Suala la mapato ya Muungano lingehitaji kujibiwa hata kama lingeulizwa na mwanafunzi. Lakini uzinduzi uligeuka kuwa jibu. Kama angehutubia kwanza, maneno hayohayo yangekuwa maswali, na Jaji angeyajibu siku ya pili kwa kadiri ya uwezo wake. Maneno hayakubadilika hata moja. Zamu ndiyo iliyoyabadilisha. Hapo ndipo waliomzuia Jaji tarehe 17 walipokuwa na haki, ijapokuwa njia waliyoitumia, ya kumzomea mzee aliyekuja kutimiza wajibu wa kisheria, ilikuwa mbaya, na iliwapa wapinzani wao sababu ya kuzungumzia adabu badala ya utaratibu.

Mwenyekiti wa Bunge lile alikuwa Samuel Sitta, yule ambaye katika Bunge la kawaida alijulikana kwa kuupanua uwanja wa wachangiaji. Wajumbe walizidi 600. Kamati 12 zilipoanza kuleta taarifa zao juu ya sura ya kwanza na ya sita ya rasimu, Kanuni zilitaka maoni ya walio wachache nayo yasomwe baada ya yale ya walio wengi, na kwa siku kadhaa ukumbi wa Dodoma ulisikia majadiliano ambayo pengine haujapata kusikia tangu hapo. Nafuu hiyo ilichelewa. Tarehe 16 Aprili UKAWA walitoka nje, na hawakurudi. Bunge liliendelea bila wao mwezi Agosti, na tarehe 2 Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa, yenye Serikali mbili, ikapitishwa kwa kura. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa.

Jaji Warioba na baadhi ya waliokuwa wajumbe wa Tume walianza kusemea nje ya ukumbi, kwenye midahalo. Tarehe 2 Novemba 2014 Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mmojawapo katika jengo la Ubungo Plaza, Dar es Salaam, na safari hii hapakuwa na Rais wa kumtangulia wala wa kumfuata. Alikuwa katikati ya hotuba vurugu zilipozuka, viti vikarushwa, na mdahalo ukavunjika.